Pilipili ya kupuliza ndani ya lifti, gari na chumba kidogo: uzi wa matumizi ya mahali palipofungwa

Mlango_Kwanza (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Maelezo mengi ya pilipili ya kupuliza (kopo la kujihami linalorusha dawa ya pilipili usoni) huchukulia kwamba mtu yuko nje, hewa inatembea na ana nafasi ya kurudi nyuma hatua kumi. Aliyebanwa kwenye lifti hana hata kimoja kati ya hivyo. Uzi huu ni wa mahali palipofungwa tu: lifti, gari, korido, ngazi, chumba cha kulala, choo cha ofisini. Wenye ujuzi wa tiba, wa hewa na wa mafunzo ya kujihami karibuni mniongezee, na nikikosea mnirekebishe.

Naanza na hesabu, maana ndiyo inayoamua yote yanayofuata.

Lifti ya watu wanane ina sakafu ya mita 1.1 kwa 1.4 na urefu wa mita 2.2 hivi. Hiyo ni hewa ya mita za ujazo 3.4. Ndani ya gari dogo kuna kama 3. Chumba cha mita 3 kwa 4 chenye dari ya mita 2.7 kina 32. Sasa chukulia umepuliza gramu 1.5 za dawa, yenye kapsaisini halisi (kiini cha pilipili kinachowasha) ya asilimia 1. Hapo umetoa miligramu 15 za kapsaisini. Zote zikibaki zinaelea, lifti itakuwa na zaidi ya miligramu 4 kwa kila mita ya ujazo, na chumba kitakuwa na kama nusu miligramu. Tofauti ni karibu mara kumi, kwa kubonyeza kulekule. Kwa kweli haziwezi kuelea zote, nyingi huishia usoni, kwenye nguo na sakafuni, lakini uwiano kati ya lifti na chumba haubadiliki.

Kwa hiyo mahali palipofungwa swali la kwanza ni mlango uko wapi, na sekunde tano baada ya kubonyeza wewe utakuwa upande gani wa mlango huo. Kama jibu ni "nitakuwa ndani naye", basi unajipuliza na wewe. Kuna wakati hilo linakubalika kwa sababu mbadala wake ni mbaya zaidi, lakini uwe umelijua mapema.

Aina ya mpulizo nayo ina uzito wake. Zipo nne:

Ukungu: matone madogo sana yanayotawanyika kama koni, mita 2 hadi 4. Hauhitaji shabaha kubwa, unaingia machoni na kwenye pumzi kwa mpigo mmoja, na unafanya kazi haraka kuliko zote. Ndani ya nyumba ndiyo aina inayokurudia upesi zaidi.

Mchirizi: kimiminika kinachotoka kama maji ya bastola ya kuchezea, mita 3 hadi 5. Matone ni makubwa, hayaelei sana. Shabaha inahitajika.

Jeli: mchirizi mzito unaonata. Hauelei kwa kiasi kikubwa na unashika pale ulipogonga. Unachelewa kidogo kwa sababu lazima ufike jichoni lenyewe. Ukigonga paji la uso au miwani unasubiri uchuruzike.

Povu: kama povu la kunyolea, masafa mafupi, huziba macho waziwazi. Ubaya wake ni kwamba mtu anaweza kulikwangua usoni mwake kwa kiganja na kukupaka wewe.

Kwa maoni yangu, mtu anayeishi na kufanya kazi ndani ya majengo, na anayebeba kopo moja tu, abebe jeli au mchirizi. Ukungu uachwe kwa matumizi maalumu nitakayoyataja chini.

---

Kopo_la_Mfukoni

Mkuu asante kwa uzi. Swali: kwa nini usiseme tu watu wanunue lenye Scoville (kipimo cha ukali wa pilipili) kubwa kabisa? Likiwa milioni tano kazi imekwisha, mtu anaanguka palepale.

---

Mlango_Kwanza

Ndugu, namba hiyo ndiyo inayodanganya wanunuzi wengi. Mara nyingi kipimo cha Scoville kinachoandikwa kwenye kopo ni cha utomvu wa pilipili kabla haujazimuliwa. Milioni tano iliyochanganywa kwa asilimia 2 inaweza kuwa dhaifu kuliko milioni mbili iliyochanganywa kwa asilimia 10. Na ile asilimia ya OC (utomvu wa pilipili) nayo inaonyesha tu kiasi cha utomvu uliomo, bila kukwambia utomvu wenyewe ni mkali kiasi gani.

Tafuta herufi MC kwenye lebo. Hiyo ndiyo asilimia ya kapsaisini halisi ndani ya mchanganyiko wote. Makopo ya kujihami huanzia kama 0.18 hadi 1.33. Ya kufukuzia dubu hufika 1 hadi 2, lakini yale ni ya ukungu mwingi sana wa porini, na kulifungua moja ndani ya chumba ni kuwatesa watu wote waliomo pamoja na wa chumba cha pili. Kama lebo haina MC, mtengenezaji amekunyima taarifa unayoihitaji. Tafuta jingine.

Na "anaanguka palepale" si ahadi ya kumpa mtu. Macho hufumba yenyewe, kifua kinakohoa, pua inatiririka, lakini mikono na miguu bado ina nguvu. Mtu mwenye hasira kali, aliyelewa dawa za kulevya au aliyekwisha kukushika anaweza kuendelea kwa sekunde kadhaa akiwa haoni. Ndani ya lifti sekunde kadhaa ni nyingi. Pilipili inakupa mwanya wa kutoka, na mwanya huo ni mfupi.

---

Mkufunzi_Hatua3

Nakubaliana na mwanzisha uzi kuhusu jeli, ila naongeza upande wa mikono, kwa sababu wengi hushindwa hapo kabla hata dawa haijatoka.

Moja. Kopo lililo chini ya mkoba, chini ya chaja na leso, halipo. Ukiingia sehemu inayokutia shaka, liwe kiganjani tayari, limefichwa na mkono uliolegea pembeni ya paja. Kulitoa baada ya kushikwa ni kubahatisha.

Mbili. Shika kwa ngumi, kidole gumba juu ya kitufe. Kidole cha shahada kinaonekana rahisi, kama unapuliza marashi, lakini mtu akigonga mkono wako kopo linaruka. Ngumi hailiachii upesi.

Tatu. Usinyooshe mkono wote. Nje mkono ulionyooka una maana yake, ndani unampa mtu kitu cha kukamata. Kiwiko kiwe karibu na mbavu, kopo kwenye usawa wa kidevu chako, mkono mwingine mbele umefunguka kiganja kulinda nafasi.

Nne. Kifungo cha usalama. Kuna cha kuzungusha na kuna cha kifuniko kinachonyanyuliwa kwa gumba. Cha kuzungusha kinakosewa sana: mtu anakizungusha upande usio, au anakifikisha nusu. Fanyeni mazoezi kwa kopo la mazoezi la aina ileile, ambalo ndani yake halina pilipili. Mara ishirini gizani, mara ishirini kwa mkono usiouzoea. Lengo ni sekunde moja na nusu kutoka kutambua hatari hadi mpulizo kutoka.

Tano. Mpulizo wenyewe. Nusu sekunde hadi sekunde moja, ukivuta mstari kutoka sikio hadi sikio kupitia machoni. Halafu ondoka kwenye mstari wake, kwa upande ulipo mlango. Kosa la kawaida ni kubonyeza na kubaki umesimama kuangalia kama imefanya kazi. Aliyepulizwa huja mbele pale alipokuona mara ya mwisho, kwa hiyo usiwepo pale.

Kopo dogo la gramu 15 lina sekunde chache tu za mpulizo kwa jumla. Ukibonyeza mfululizo kwa hofu linaisha ungali unalihitaji, na chote ulichotoa kinabaki kwenye hewa mnayovuta wote.

---

Kopo_la_Mfukoni

Nimekuelewa mkuu. Na umbali wa chini ni upi? Kwenye lifti huwezi kuwa mita tatu.

---

Mkufunzi_Hatua3

Kwa mchirizi na jeli, watengenezaji wengi na mafunzo ya polisi huweka karibu mita moja kama umbali wa chini. Sababu si ukali wa pilipili. Ni msukumo: kimiminika chenye kasi kikipiga jicho kwa karibu mno kinaweza kulijeruhi kwa nguvu yake chenyewe. Kwenye lifti ya mita 1.4 ukiwa kona moja na yeye kona nyingine unaipata hiyo mita, kwa taabu. Akiwa amekwisha kukugusa, kazi ya kwanza ni kumtenga: viganja viwili kifuani, kiwiko, goti, sauti kubwa. Ukipata nafasi ndipo upulize. Watu wakishikana na kopo likiwa katikati, wote wawili wanapulizwa, na aliye na mwili mkubwa ndiye anayebaki na kopo.

---

Mlango_Kwanza

Tuliweke suala la lifti vizuri, maana ni gumu kuliko yote.

Kabla ya kuingia: mtu wa kukutia shaka akiwa ndani, acha mlango ufunge, subiri nyingine. Hiyo ndiyo hatua yenye thamani kuliko kopo lolote. Ukiwa ndani, simama kando ya vitufe, mgongo ukutani, usawa wa mlango. Kuna sababu mbili: unafikia vitufe, na wewe ndiye uliye karibu na njia ya kutoka.

Akianza fujo lifti ikitembea, bonyeza ghorofa zote zinazofuata. Mlango utafunguka mahali fulani ndani ya sekunde chache. Msibonyeze kile cha kusimamisha lifti katikati ya ghorofa, mtajifungia na ukungu. Kengele ya dharura bonyeza, inasikika nje.

Wakati bora wa kupuliza ni mlango unapoanza kufunguka. Jaza pumzi kwanza, ibane, puliza usoni, toka, pumua ukiwa umefika hatua kadhaa mbele. Kama huwezi kusubiri mlango, puliza, ila jua kwamba utakohoa na macho yatawasha. Puliza mara moja fupi. Inama uelekee mlangoni na mkono wako ubaki ukutani ili ujue mlango uko wapi hata macho yakifumba.

Ukitoka, usisimame mbele ya mlango wa lifti. Hewa ya ndani inatoka pamoja nawe.

---

Usukani_Salama

Naongezea gari.

Gari likitembea usipulize. Ukimpuliza dereva umeliondolea gari macho, na ajali inaweza kuwaua nyote. Ukiwa abiria, fanya yote yanayowezekana kwanza: teremsha kioo, piga kelele, subiri mahali gari linapopunguza mwendo. Kopo litumike gari likiwa limesimama na kitasa chako kiko mkononi.

Mpangilio ni huu: mkanda ufunguliwe kwanza, mlango ufunguliwe angalau ufa, ndipo upulize huku unatoka. Wengi huanza na kopo halafu wanahangaika na mkanda wakiwa hawaoni. Kama mlango una kufuli la watoto hautafunguka kwa ndani, kwa hiyo kioo kishushwe kabla ya jambo lolote.

Wewe ukiwa dereva na mtu anakuvamia dirishani, kioo kikipanda ndicho kinga, na gia ndiyo njia ya kutoka. Kupuliza kupitia ufa wa kioo hurudisha dawa ndani, hasa kama feni ya gari inavuta hewa ya nje, kwa sababu mdomo wa kuvutia hewa huwa chini ya kioo cha mbele. Ukilazimika, zima feni kwanza.

Na tafadhali, kopo lisiachwe juu ya dashibodi. Makopo mengi yana onyo la kutovuka nyuzi joto 49 au 50. Gari lililofungwa juani hupita hapo, na dashibodi ndiyo sehemu yenye joto kuliko zote. Likipasuka, gari zima limepulizwa. Wengine huliacha humo wakidhani litawafaa zaidi likiwa karibu, kumbe joto hilohilo linadhoofisha mpira wa ndani na gesi inavuja polepole.

---

Fundi_Hewa

Nimefurahi mmegusa feni. Niseme machache ya upande wangu, kwa sababu watu hufanya kosa moja kubwa baada ya tukio: wanawasha kiyoyozi.

Kiyoyozi cha kawaida cha ukutani hakileti hewa mpya. Kinachukua hewa ya chumbani, kinaipoza, kinairudisha. Ukikiwasha, unazungusha pilipili na kuipaka kwenye chujio na kwenye mapezi ya ndani, halafu itaendelea kukuwasha kwa siku kadhaa kila unapokiwasha. Kizime kabla ya kufungua dirisha. Jengo lenye mfumo mmoja wa mabomba ya hewa ni baya zaidi: dawa ya chumba kimoja husafiri hadi vyumba vingine. Mhudumu wa jengo aambiwe azime mfumo wa ghorofa hiyo mara moja.

Njia sahihi: feni iwekwe dirishani ikielekea NJE, na mlango au dirisha la upande wa pili liwe wazi ili hewa safi iingie. Feni ikielekea ndani inasukuma dawa kuelekea korido na vyumba vya wengine.

Hesabu: chumba cha mita za ujazo 32 na feni inayotoa mita za ujazo 500 kwa saa. Hewa yote inabadilishwa kila dakika nne hivi. Hewa ikiwa inachanganyika vizuri, badiliko la kwanza linabakiza kama asilimia 37, la pili 14, la tatu 5. Kwa hiyo dakika 12 zinaondoa sehemu kubwa ya kinachoelea. Hakuna feni? Fungua pande mbili zinazotazamana na usubiri kama saa moja. Dirisha la upande mmoja peke yake hufanya kazi polepole mno.

Ila hayo ni ya kinachoelea. Kilichotua sakafuni na kwenye mapazia hakitoki kwa upepo. Ukikikanyaga kikiwa kimekauka kinapanda tena.

Kuhusu ngazi: bomba la ngazi ndani ya ghorofa hufanya kama bomba la moshi, hewa ya joto hupanda. Ukipuliza kwenye ngazi, kimbia kuteremka kama njia iko wazi. Chini ndiko kwenye mlango wa kutokea, na dawa inayoelea huwa inakuacha.

---

Jiko_na_Moto

Kuna jambo halijatajwa: moto.

Si makopo yote yanazimuliwa kwa maji. Mengine hutumia spiriti, na gesi ya kusukuma inaweza kuwa butani au propani. Ukungu wa hivyo karibu na jiko la gesi linalowaka, mshumaa, hita yenye waya mwekundu au kifaa cha kujihami cha kupiga shoti ya umeme unaweza kulipuka moto usoni mwa watu. Jikoni ni mahali palipofungwa pia, na ugomvi mwingi wa ndani ya nyumba huishia huko.

Someni lebo. Kama kuna alama ya mwali wa moto, kopo hilo si la ndani. Yapo yaliyoandikwa wazi kwamba hayashiki moto. Nunueni hayo.

---

Mama_Kaya

Habari zenu wakuu. Vipi chumbani, mtu anapovunja mlango usiku na watoto wamo ndani? Mmoja ana pumu.

---

Mlango_Kwanza

Dada, swali lako ndilo zito kuliko yote hapa, nalijibu kwa utaratibu.

Mtoto mwenye pumu asiwe kwenye hewa hiyo kabisa. Kwa hiyo mpango wa kwanza ni kumtenga na hewa hiyo: nyote mkusanyike chumba kimoja cha ndani, chenye mlango imara na ikiwezekana dirisha, simu iwe humo, dawa yake ya kuvuta iwe humo. Kizuizi cha mlango, kwa mfano fimbo ya chuma inayokaa chini ya kitasa, kina faida kuliko kopo kwa hali yako, kwa sababu hakimdhuru mtoto.

Kopo linakuwa mstari wa pili, na linatumika kwenye ufa wa mlango kuelekea NJE ya chumba mlichomo. Hapa ndipo ukungu una kazi yake: wewe uko upande wenye hewa safi, yeye yuko kwenye korido, unapuliza sekunde moja hadi mbili kupitia ufa, unafunga. Yeye anabaki na dawa, ninyi mnabaki na mlango. Kisha taulo lililoloweshwa maji liwekwe chini ya mlango, dirisha la chumba chenu lifunguliwe, kiyoyozi kizimwe.

Kinyume chake, yaani kupuliza ndani ya chumba walimo watoto, kiwe cha mwisho kabisa, na kiwe jeli. Usipulize ukungu humo.

---

Nesi_Dharura

Naomba nizungumzie huduma ya kwanza, kwa wote: aliyepuliza, aliyepulizwa, na walioivuta tu.

Hewa safi kwanza. Mtoe ndani. Usimlaze kifudifudi, na asikaliwe mgongoni na yeyote hata kama ni mhalifu. Mtu anayekohoa na kubanwa kifua akikandamizwa anaweza kukosa pumzi na kufa. Akae wima au ainame mbele kidogo.

Asifikiche macho. Lenzi za macho zitolewe mapema kwa mikono iliyooshwa, na zitupwe. Hazisafishiki.

Maji ya baridi mengi, yanayotiririka, dakika 10 hadi 15, huku akipepesa macho. Kichwa kiinamishwe ili maji yaanguke chini moja kwa moja, yasipite kifuani na mapajani. Maji ya moto hapana, yanaongeza kuwasha. Kwenye ngozi, sabuni ya vyombo au shampuu ya watoto, kwa sababu kapsaisini haiyeyuki kwenye maji matupu, inahitaji kitu cha kubeba mafuta. Osha kwa kugusagusa, usisugue. Usipake mafuta wala losheni. Inaeneza dawa na kuifungia kwenye ngozi.

Kuhusu maziwa: mwaka 2008 kulichapishwa jaribio la kitabibu lililolinganisha maji, maziwa, shampuu ya watoto, dawa ya kiungulia na jeli ya ganzi kwa watu wa kujitolea waliopakwa pilipili usoni. Hakuna iliyoshinda nyingine kwa tofauti ya maana; kilichopunguza maumivu zaidi ni muda. Kwa hiyo msipoteze dakika kutafuta maziwa. Tena maziwa si safi kwa macho, yanaweza kuleta maambukizi.

Makali hupungua ndani ya dakika 30 hadi 60. Hospitali mara moja kama: kifua kinapiga filimbi na hakitulii baada ya dawa ya pumu, midomo inabadilika rangi, mtu anachanganyikiwa, au baada ya saa moja jicho bado linauma kama lina mchanga, haliwezi mwanga au haoni sawasawa. Hilo la mwisho linaweza kuwa mkwaruzo kwenye kioo cha jicho. Wajawazito, wachanga na wazee wenye maradhi ya moyo wapelekwe kuangaliwa hata kama wanaonekana wazima.

---

Kopo_la_Mfukoni

Nesi, na aliyeshika kopo? Mikono yangu si itakuwa na dawa?

---

Nesi_Dharura

Ndiyo, na huwa inasahaulika. Mdomo wa kopo hubaki na tone, linashuka kwenye gumba. Usiguse uso, simu wala mtoto kabla ya kunawa kwa sabuni ya vyombo mara mbili. Na nawa kabla ya kwenda chooni, siyo baada tu.

---

Fundi_Hewa

Kusafisha chumba, maana nimeona hakuna aliyegusa.

Subiri kwanza hewa itoke. Rudi ukiwa na glovu, miwani inayoziba pande zote na barakoa. Usifagie. Usitumie mashine ya kufyonza vumbi ya kawaida, inatoa vumbi laini nyuma yake. Anza juu kushuka chini: kuta, meza, vitasa, swichi, halafu sakafu. Kitambaa chenye maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, kikunjwe upande mpya kila mara, kisha kingine cha maji matupu. Rudia mara mbili au tatu. Kitambaa kimoja kinachochovywa ndoo moja hadi mwisho kinahamisha tu dawa kutoka ukutani kwenda sakafuni.

Dawa ya madoa ya klorini iacheni. Mvuke wake nao unakera mapafu ambayo tayari yamechoka. Mapazia na shuka zifuliwe peke yake, maji ya baridi, mara mbili. Chujio la kiyoyozi lioshwe nje au libadilishwe. Kwenye gari, badilisha chujio la hewa ya ndani na pangusa hata mikanda. Mkanda ukijirudisha ndani unabeba dawa.

---

Usukani_Salama

Swali kwa mkufunzi: kopo linakaa muda gani?

---

Mkufunzi_Hatua3

Tarehe ya mwisho huwa miaka 2 hadi 4 tangu kutengenezwa. Pilipili yenyewe haipotei haraka. Kinachopungua ni gesi ya kusukuma. Kopo la zamani linachuruza kwenye viatu vyako badala ya kufika mita tatu.

Njia nzuri ya kufuatilia: lipime kwa mizani ya jikoni siku unapolinunua, andika gramu na tarehe kwa kalamu isiyofutika. Kila baada ya miezi mitatu pima tena. Kopo la gramu 15 likipungua gramu moja au zaidi bila kutumika, linavuja, badilisha. Lijaribu pia mara moja likiwa jipya, kabla ya kulipima, nje, upepo ukiwa mgongoni mwako, chini ya nusu sekunde, mbali na watu na wanyama. Futa mdomo wake kwa karatasi, maana tone likikauka linaziba tundu, hasa kwenye jeli. Kopo lililotumika kwenye tukio halirudishwi mfukoni hata kama limebaki nusu. Litunze kama ushahidi, nunua jingine.

---

Sheria_Mezani

Kwa kifupi tu kwa upande wangu. Sheria zinatofautiana sana. Uingereza kumiliki kopo hili ni kosa chini ya sheria ya silaha ya mwaka 1968. Marekani linaruhusiwa majimboni kwa masharti ya umri, ujazo na mahali. Kwenye ndege, ndani ya kabati ya abiria, halipandi. Mahakama nyingi, shule na majengo ya serikali huzuia. Angalia sheria ya ulipo kabla ya kununua.

Linapokubalika, kipimo ni kilekile karibu kila mahali: hatari iwe ya sasa hivi, nguvu iendane nayo, na uache inapokwisha. Mpulizo wa pili kwa mtu aliyekwisha kugeuka anaondoka unakugeuza wewe kuwa mshambuliaji. Mahali palipofungwa kuna la ziada: waliovuta dawa bila kuhusika wanaweza kukudai. Ndiyo maana kupiga simu polisi wewe wa kwanza, na kuwaambia wahudumu ni dawa gani imetumika na saa ngapi, ni muhimu kwako na kwa waliodhurika.

---

Mama_Kaya

Nashukuru sana wote. Kwa hiyo nikiwa na fimbo ya mlango, kopo la ukungu lisiloshika moto karibu na mlango wa ndani, na taulo na chupa ya maji humo humo, nimekosa nini?

---

Mlango_Kwanza

Dada, ongeza vitu vitatu. Tochi, kwa sababu utapuliza gizani na lazima uhakikishe aliye kwenye korido si mtu wa nyumbani aliyeamka. Kopo likae juu, mahali mtoto hafiki hata akipanda kiti, lakini mkono wako unalifikia bila taa. Na wafundishe watoto neno moja, ukilisema wanakimbilia chumba hicho na kulala chini upande wa dirisha. Fanyeni zoezi hilo mchana, mlango ukiwa wazi, kisha mlango ukiwa umefungwa. Pima kwa saa ni sekunde ngapi hadi wa mwisho aingie, na fimbo ikae.